Mbao Arobaini za Bi Rababu

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Yemeni palikuwa na chuo cha watoto wa watu wote, matajiri kwa maskini. Bi Rababu binti Harithi, mjane mcha Mungu, alikiwekea wakfu mbao arobaini za kuandikia, akazikabidhi kwa Wahbi, mtunzaji wa chuo. Wahbi alikuwa mwaminifu kupita kiasi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maradhi yake. Alizifungia mbao sandukuni, akawa anazipangusa vumbi kila Ijumaa, na watoto wakaendelea kuandika mchangani kwa vidole.

Mwaka ulipotimia, bibi alikuja kuzitazama. Wahbi akafungua sanduku, kifua mbele. Ajabu ni kwamba bibi hakuzisifu. Alichukua ubao mmoja, akaunusa. Akapapasa kingo zake, akauweka, akanusa wa pili, kisha wa tatu. Wahbi alijiuliza anatafuta nini, hata uvumilivu ukamwishia, akamwuliza.

"Natafuta harufu ya wino," bibi akajibu. "Mmezioshaje hata usibaki?"

Wahbi alizitazama mbao zile safi. Njia ya kuponea ilikuwa wazi: angesema tu kwamba huoshwa vizuri, na nani angembishia? Ulimi ulimwasha. Kisha akamkumbuka Yule asiyefichwa kitu.

"Bibi yangu, hazijaoshwa. Hakuna mtoto aliyezigusa. Nilichelea zisije zikavunjika."

Bi Rababu akakaa chini. "Niliziweka kwa ajili ya marehemu mwanangu," akasema, "ili kwa kila herufi isomwayo apate thawabu. Mwaka mzima nimelala nikijua anapokea."

Wahbi alilia kwa haya na huruma, akaomba avuliwe amana ile. Bibi alikataa. Alimwambia azigawe mbao siku hiyo hiyo, kwani mtu aliyesema kweli mahali pagumu ndiye hasa anayemtaka.

Siku ya tatu Wahbi alipiga hodi kwa Bi Rababu, mkononi ana ubao uliopasuka vipande viwili, umejaa wino. Bibi aliupokea, akaukumbatia hata nguo yake nyeupe ikachafuka.

"Huu umemfikia mwanangu," akasema. "Haya, nenda ukautengeneze."

Basi tujiulize, ndugu zangu, ni vingapi tumevifungia kwa jina la kuvitunza. Mola atujaalie vyetu vichakae katika heri.