Wito Uliojibiwa Mara ya Pili

Kaeni vizuri mnisikilize, maana uamuzi nitawaachia ninyi.

Katika mji wa Wundanyi waliishi marafiki watatu, waandishi wa programu za kompyuta. Mghoi alijaliwa kurahisisha: jambo lililowachanganya wengi, yeye alilimaliza kwa mstari mmoja. Mwakio alijaliwa subira na zile lugha ngumu za programu, zinazosema na mtambo wenyewe na zisizosamehe kosa. Mshila alijaliwa kushuku. Hakuamini kwamba kitu kinafanya kazi mpaka ajaribu kukiharibu ashindwe.

Kwa miaka miwili walitengeneza maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie. Kazi yake ilikuwa kuiwezesha kompyuta ya hapa kuiagiza kompyuta ya mbali ifanye jambo na kurudisha jibu, kana kwamba zote ziko juu ya meza moja.

Mghoi ndiye aliyebuni namna ya kuitumia. Fundi wa zahanati moja ya mlimani, aliyesomea programu miezi mitatu tu, aliandika mstari mmoja, na kompyuta yake ikaanza kuulizia akiba za damu katika hospitali za bondeni.

Mwakio ndiye aliyeandika sehemu ya ndani. Kompyuta ya zahanati ilikuwa kuukuu, programu nyingine ziliigandisha. Hii ilipita bila kuilemea.

Mshila ndiye aliyechomoa nyaya. Alikata mtandao katikati ya swali aone kitakachotokea. Siku moja programu ikasema damu hakuna, kumbe haikujibiwa kabisa.

"Kutojibiwa si kukataliwa," akawaambia.

"Wewe unatafuta makosa tu," Mwakio akasema, akanuna wiki nzima. Mshila akarekebisha mwenyewe: ikikosa jibu, iseme imekosa, kisha iulize kwingine.

Basi mama mmoja akajifungua pale zahanati, damu ikawa haikomi. Muuguzi akaulizia damu kwa kompyuta. Mtandao wa hospitali ya kwanza ukakatika. Programu ikasema haijajibiwa, ikauliza hospitali ya pili, ikaambiwa painti mbili zipo. Gari likapanda mlima. Mama akapona.

Habari zikafika chuo kikuu kimoja ng'ambo, kikawaahidi marafiki hao nafasi ya masomo. Nafasi moja.

Tangu hapo Mshila hakutulia. Akiingia ofisini, Mwakio anafunga kompyuta. Mghoi akawa anatoka nje kupokea simu.

"Unaongea na nani?" Mshila akamuuliza.

"Watu wa nyumbani," Mghoi akajibu, bila kumtazama.

Mshila akapekua kumbukumbu zote za msimbo, mstari kwa mstari, aone kama jina lake limefutwa. Halikuwa limefutwa. Hata hivyo shaka haikumwisha. Akala chakula cha mchana peke yake siku nne.

Siku ya tano barua ya chuo ikamfikia yeye: "Tumewaandikia wote watatu, mmoja mmoja. Taja anayestahili. Unaweza kujitaja. Usiwaambie wenzako."

Akaelewa walichokuwa wakificha. Lakini wameandika jina la nani? Haruhusiwi kuuliza, nao hawaruhusiwi kusema. Akimtaja Mghoi, huenda Mghoi amejitaja mwenyewe. Akijitaja yeye, huenda wenzake wote wawili wamemtaja Mwakio, naye abaki ameonekana mbinafsi bure. Na jibu linatakiwa kesho adhuhuri.

Barua ndiyo hiyo, na nafasi ya jina bado iko wazi. Haya, ninyi mnaonisikiliza: mngekuwa Mshila, mngeandika jina la nani?