Kiti Kimoja cha Ulimi wa Shekiondo

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, mashine za kupiga picha za ubongo zilipokwisha kufika hospitalini, aliishi mshereheshaji mmoja, Shekiondo. Alijaliwa kipaji cha kusema hata asipoulizwa. Ukamwota uvimbe kichwani, jirani kabisa na nyuzi za neva zinazobeba maneno. Madaktari wakikata vibaya, mji mzima utapumzika.

Shekiondo hakucheka. Bila ulimi angekuwa nani? Akaapa mbele ya ndugu: atakayeuokoa ndiye mgeni rasmi wa harusi ya binti yake, Mwajabu.

Ngollo, fundi wa picha, akamlaza kwenye mashine inayofuatilia maji ya ubongoni yanavyopenya kando ya nyuzi, apate kuzichorea ramani.

"Mzee, usitikisike, usiongee."

Shekiondo akaongea. Aliikaribisha mashine ukumbini, akaiombea makofi. Picha ikatoka ukungu mtupu. Ngollo akarudia. Shekiondo akaongea.

"Hii simpi daktari," Ngollo akasema. "Ataingia jikoni akidhani ni sebuleni."

Ndipo mkewe, Bi Mwantumu, akavua bangili na hereni, maana mashine ile ni sumaku, akaingia, akamshika kidole cha mguu.

"Baba Mwajabu, neno moja tu, na harusi anasherehesha Kijoti."

Kijoti alikuwa hasimu wake wa kipaza sauti. Shekiondo akatulia kama maiti. Ramani ikatoka safi, nyuzi zimelala kama nywele zilizochanwa.

Daktari Mrutu akafungua fuvu, mgonjwa akiwa macho, maana ubongo ukifunguliwa husogea, na ramani haisogei nao. Akamwamuru aongee mfululizo. Maneno yakikwama, kisu kisimame. Ombi zito kweli kwa Shekiondo. Uvimbe ukatoka, ulimi ukabaki.

Siku ya harusi, kiti cha mgeni rasmi kimoja, waliokizunguka watatu.

"Bila ramani yangu mngekata gizani," akasema Ngollo.

"Ramani ipi, mwanangu, ile ya ukungu?" akadakia Bi Mwantumu. "Nani aliyemnyamazisha? Nimelifanyia kazi jambo hilo tangu nilipoolewa."

"Ramani ilisema huku, ubongo ulishahamia kule," akasema Daktari Mrutu. "Na utani wake wa harusini niliusikiliza tangu kufungua hadi kushona. Ganzi alipewa yeye."

Shekiondo akashika kipaza sauti. Aliwaza hata kukikalia kiti mwenyewe. Nani kateswa na kimya kuliko yeye? Maharusi wamefika mlangoni, na ulimi uliookolewa kwa taabu yote ile umekosa jina la kutaja.

Haya, nyie mnaomcheka, msaidieni: je, nani alistahili kiti?