Mkunga wa Kisima cha Bi Nunsiata

Paukwa!

Pakawa.

Ndiyo nini hiyo? Mnaitika kama watu wa matanga. Paukwa!

Pakawaaa!

Maji?

Tumeteka!

Mkunga?

Yumo!

Paka?

Nje!

Haya, hapo sawa. Na wewe Mwanasiti, toa kidole puani, hadithi haiingilii huko.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, na watu wakawa wajinga wa kuwasikiliza, palikuwa na kisiwa katika Bahari ya Kati, ile iliyobanwa baina ya bara letu na Ulaya. Kisiwa chenyewe kidogo, ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Mto hakina, chemchemi hakina. Watu wake walikunywa mvua. Kila nyumba ilikuwa na paa bapa lililopakwa chokaa, na maji ya mvua yaliteremka kutoka paani mpaka kisimani, shimo lililochimbwa chini ya ua. Maji ya msimu wa baridi ndiyo hayo hayo ya kiangazi. Yakiisha, lamba mawe.

Na kila kisima kilikuwa na mkunga wake. Naam, mkunga, yule samaki mrefu mwenye utelezi. Msinikunjie pua, ndiyo mila yao! Alitiwa humo angali mdogo kama kamba ya kiatu, na kazi yake ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu ili maji yabaki safi. Binti akiolewa, mama yake alimpa shuka, sufuria, na mkunga ndani ya mtungi.

Basi palikuwa na mjane, Bi Nunsiata. Mwanamke safi, mchapakazi, lakini majivuno, weee! Mkunga wake alikuwa naye tangu siku ya harusi. Kila asubuhi aliteremsha ndoo akaita, "Mkunga, umeamkaje?"

Na mkunga akajibu, "Nimeamka na maji, Bibi."

Mwaka huo Bi Nunsiata alikuwa na jambo lake. Watu wa kisiwa walikuwa na sikukuu ya mtakatifu wao. Wanaume walibeba sanamu lake, zito kuliko dhambi zao, toka kanisani mpaka pwani, jua la utosini. Nyumba moja tu hupewa zamu ya kuwanywesha maji. Zamu hiyo unaweza kufa hujaipata, na safari hii ilikuwa ya Bi Nunsiata. Alisugua mitungi mpaka ikaomba radhi. Alisema, "Siku hiyo Bi Rosalia jirani yangu atajua nani ni nani."

Sasa, Bi Nunsiata alikuwa na paka. Kazi yake kulala ukutani, na akichoka kulala, anapumzika. Siku moja akachungulia kisimani akauona mgongo wa mkunga. Mate yakamdondoka. "Mafuta yote yale yanaogelea bure!" Lakini paka na maji, mnajua wenyewe. Akaona atumie ulimi.

Akaenda kwa Bi Nunsiata. "Bibi, hivi hapa nyumbani nani anakula bila kufanya kazi?"

"Wewe," akasema Bi Nunsiata.

Paka akajilamba mkia akaenda zake.

Kesho yake akarudi. "Bibi, maji yanapungua. Nani yumo humo mchana na usiku, mdomo wazi?"

Bi Nunsiata akachungulia. Kweli yamepungua. Kiangazi, yangefanya nini, yaongezeke? Akasema, "Samaki hanywi sana." Lakini sauti ilikuwa imelegea.

Siku ya tatu Paka akaja kwa huzuni, kama mtu wa kheri. "Bibi, mimi si mmbea. Lakini Bi Rosalia anasema siku ya sikukuu maji yako hayagusi. Anasema unawapa watu maji aliyoogea nyoka."

Lo! Hapo ndipo. Uongo mtupu, Bi Rosalia mwenyewe ana mkunga kisimani! Lakini hasira ikipanda, akili huhama. Bi Nunsiata akatupa ndoo, akamvua mkunga wake.

"Bibi, nimekosa nini?"

"Umefanana na nyoka!"

"Nimefanana naye tangu siku ya harusi yako, mbona hukusema?"

Bi Nunsiata akazidi kukasirika, maana mtu akiambiwa kweli huwaka. "Paka, katupe baharini hiki kitu!"

Paka akamng'ata mkunga shingoni akatimua mbio mpaka miambani. Akamlaza juu ya jiwe, akamkanyaga.

"Bwana Paka," mkunga akasema, "unanila hivi hivi?"

"Kwani ulitaka nikupose kwanza?"

"Maisha yangu yote nimeishi katika maji ya mvua. Chumvi sina hata punje. Utakula chakula cha mgonjwa. Bahari hiyo hapo, nichovye."

Paka akaona maneno ya maana. Akamshika mkia akamchovya. "Tayari?"

"Upande mmoja bado."

Akamchovya tena. "Tayari?"

"Bado kichwa, na kichwa ndicho kitamu."

Paka akajinyoosha, mkono ukaingia majini, akashtuka, akamlegeza. Mkunga akapiga mkia, huyooo! Akaibukia mbali. "Bwana Paka, chumvi imekolea! Njoo uonje!"

Paka akarudi nyumbani na njaa yake, akapanda ukutani akalala.

Mnacheka? Subirini. Mbu hawana subira. Wakashuka kisimani wakataga, na hakuna wa kuwauliza; Bi Nunsiata, kwa mbio za sikukuu, hakuchungulia tena. Siku ya sikukuu ikafika. Bi Nunsiata amevaa hariri nyeusi, bilauri zinang'aa. Wabeba sanamu wakaja, wanatweta, na mbele yao Padri Gaudensio. Bi Nunsiata akampa bilauri ya kwanza kwa mikono miwili. Padri akaiinua kwenye jua. Humo ndani viluwiluwi vinakata viuno.

"Bi Nunsiata," akasema Padri, "maji haya yana waumini wengi kuliko kanisa langu."

Watu wakacheka mpaka wakalitua sanamu. Kisha wakaenda kunywa kwa Bi Rosalia. Maji yake safi, baridi.

Bi Rosalia akatoka. "Pole, shoga. Kwani mkunga wako yuko wapi?"

"Si wewe uliyeyaita maji yangu ya nyoka?"

"Mimi? Wangu yumo humu, mnene kunishinda!"

Bi Nunsiata akalia mbele za watu wote. Kisha akafuta machozi, akautazama ukuta. Paka yupo, anajifanya amelala.

"Njoo, mwanangu," akamwita kwa sauti tamu. "Nimekupatia kazi."

Akamdaka, akamtupa kisimani, chubwi! "Umemtoa mkunga kazini, shika kazi yake! Kula viluwiluwi!"

Paka akapiga ukelele. Kisiwa kizima kikaja kuchungulia, mtakatifu akaachwa peke yake juani. Paka akaungama yote, la chumvi pia, ndipo akatolewa kwa ndoo. Padri alisema hajasikia toba ya kweli namna ile.

Asubuhi yake Bi Nunsiata akashuka pwani. Akaita, "Mkunga! Mkunga wangu!"

Kichwa kikaibuka. "Bibi, umeamkaje?"

"Nimeamka bila maji," akasema. "Nimekukosea. Rudi nyumbani."

Mkunga akamtazama sana. "Bibi, huku kuna kamba wa kula, na hakuna ndoo ya kunigonga kichwa. Lakini kila asubuhi nangoja mtu aniulize nimeamkaje." Akazama, wala hakurudi.

Bi Nunsiata akabeba mtungi, akaenda kubisha kwa Bi Rosalia, kuomba maji. Akabisha hivyo kiangazi kizima.

Na paka wa kisiwa kile mpaka leo huketi gatini wakiitazama bahari. Watu hudhani wanangoja wavuvi. Wapi! Wanangoja kitoweo chao kilichotiwa chumvi.

Basi wanangu, mtu akikuletea fitina juu ya mwenzako, mtazame kwanza mdomo, kama hayamtoki mate. Na kabla hujamfukuza anayekaa kimya nyumbani mwako, chungulia ujue anafanya nini huko chini.

Hadithi nimeitua hapa. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chapwa, mpeni paka akaichovye baharini.