Kikombe cha Telesandro

Palikuwa na tajiri mmoja huko Uyunani ya kale, jina lake Telesandro, aliyeamka siku moja akataka kila mtu mjini alete shahidi wa kuthibitisha kwamba babu yake wa kwanza hakutoka kokote. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Hakutoka kokote.

Ngojeni niwaeleze, maana Wayunani wale walikuwa na mambo yao. Kila mji ulikuwa dola yenye sheria zake, hata mji mdogo ambao mtu akipiga chafya upande huu anaambiwa "afya" upande wa pili. Mji wa Karistene ulikuwa wa namna hiyo. Sultani hawakuwa naye, na kwa hilo walijivuna kweli kweli. Mambo yao waliyaamua barazani, uwanjani mbele ya soko, kwa kuinua mikono. Wanawake hawakuinua. Watumwa hawakuinua. Wageni hawakuinua. Waliobaki walisema, "Hapa kwetu sote tunasema!" na wala hawakucheka.

Tena mgeni hakuruhusiwa kumiliki ardhi, hata shubiri moja. Hapo ndipo Telesandro alipopapenda.

Ukoo wake ulidai kwamba babu yao Karisto, mwanzilishi wa mji, hakuzaliwa na mwanamke. Alichipuka ardhini, pale pale uwanjani, mtu mzima na ndevu zake. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya mji, ukoo huo ulitembeza kikombe cha udongo kilichomeguka mdomo, ambacho Karisto alinywea maji yake ya kwanza siku aliyotoka. Watu walikibusu. Maswali hawakuuliza, kwa sababu sikukuu ile ilikuwa na nyama ya bure.

Basi Telesandro akasimama barazani.

"Mji huu una watoto wake, na una watu wa kuja," akasema. "Hawa wa kilimani ni watu wa kuja. Naleta sheria: asiye na shahidi kwamba ukoo wake ulikuwepo hapa tangu mwanzo, ahesabiwe mgeni."

Kilima hicho kilipakana na malisho ya mbuzi wake, na mbuzi walikuwa wameanza kubanana. Nadhani mmeshamwelewa.

Watu wa kilimani walikuwa wachoma mkaa. Kati yao akainuka Lako, mwembamba, masizi mpaka masikioni, na mdomo ambao mkewe alikwisha kuukatia tamaa. Nyumba yake ilikuwa kule juu, na kaburi la baba yake pia, na sheria ikipita vyote vinakuwa vya mbuzi.

"Bwana mkubwa, naomba kuuliza."

"Uliza upesi, kabla hujawa mgeni."

"Huyo shahidi awe wa namna gani?"

"Awe aliona kwa macho yake, na habari yake iwe imetufikia. Maneno matupu hatuyataki."

"Sheria nzuri. Inatuhusu sote?"

"Sote."

"Hata wewe?"

Shingo zote zikageuka. Telesandro akacheka. "Hata mimi! Karisto alitoka ardhini hapa hapa nilipokanyaga. Nani asiyejua?"

"Tunajua sana, kila mwaka tunakula nyama yenu. Mimi naulizia shahidi."

Telesandro akapiga makofi, mtumishi akakimbia kuleta kikombe. Tajiri akakiinua juu, kila mtu akione.

"Macho mnayo! Alinywa humu siku ile ile!"

Lako akakisogelea, akakichungulia ndani. "Alitoka nacho huko chini?"

"Unasemaje?"

"Nasema, kama alitoka nacho, basi huko chini kuna mfinyanzi. Penye mfinyanzi pana soko, na penye soko hapakosi baraza. Tungewauliza wao kwanza, huenda Karisto walimfukuza."

Uwanja ukaangua kicheko. Telesandro akawiva uso.

"Mpumbavu wewe! Mtu anatoka ardhini, vumbi limemjaa kooni, kikombe atakitoa wapi? Alipewa!"

"Alipewa na maji?"

"Maji baridi ya chemchemi ya kilimani! Ndivyo inavyoimbwa miaka yote!"

"Na huyo aliyempa, alimwona akitoka?"

"Kwa macho yake mawili! Ndiye aliyesimulia. Bila yeye tungejuaje?" Telesandro akawageukia watu, amefurahi. "Shahidi mlimtaka, shahidi ndiye huyo!"

"Ahsante, bwana mkubwa," akasema Lako. "Kwa hiyo Karisto alipotoa kichwa, alimkuta mtu."

Telesandro akakivuta kikombe kifuani.

"Mtu mwenye kikombe," Lako akaendelea. "Mwenye kikombe ana nyumba. Na maji aliyateka kilimani."

"Huyo... huyo hajulikani alikuwa nani!"

"Kwenu ninyi. Sisi tunamjua, ni babu yetu."

"Muongo! Shahidi wako nani?"

"Karisto. Alipofumbua macho tu, alimwona babu yetu kabla ya mtu mwingine. Au Karisto naye hafai kuwa shahidi?"

Telesandro akatazama kikombe kama vile kimemsaliti.

"Lakini usihofu, bwana mkubwa," akasema Lako kwa upole, huku akinyoosha mkono wake wenye masizi. "Babu yetu hakumdai mgeni shahidi, nasi hatutawadai. Kaeni tu, mji ni wenu. Ila kikombe chetu, kama mmeshamaliza kunywa, tunakiomba."