Ng'ombe Wenye Uso Mmoja

Niwaite?
— Tuite.
Nikiwaita mtakuja?
— Tutakuja na masikio, miguu tumeiacha jikoni.
Basi iacheni huko huko, maana niendako kuna ukungu.

Hapo kale Mama Pimbi, kanyama kadogo kasiko na mkia, alikaa juu ya jabali na watoto wake wawili. Watoto hao walikuwa dhaifu, tumbo lao halikupokea kitu ila maziwa. Alifuga ng'ombe wa kila namna, warefu, wafupi, wenye nundu, wenye madoa, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Chini, mtoni, alikaa Kiboko. Kiboko akitaka kitu hugonga meno tu, kwa, kwa, kwa, na kitu huletwa.

Siku moja ng'ombe walishuka kunywa. Kiboko akaibuka, chubwi. Akasema mto ni wake, na kila aliyekunywa mto wake ni wake. Pimbi akaomba, akaeleza habari ya watoto. Kiboko akacheka mpaka povu likamtoka. Akamwambia atakuwa mchungaji wake, na akificha hata tone la maziwa, hao wanawe wakishuka mtoni atawakanyaga kama dagaa.

Pimbi akainama. Akauliza kwa adabu, "Bwana mkubwa, ng'ombe gani wanakupendeza?"

Kiboko akaonja maziwa ya wote. Wenye madoa, kibuyu kimoja, basi. Binti za Marijani, chururu, chururu, ndoo imejaa. Marijani alikuwa fahali mwekundu aliyeletwa kutoka milima ya baridi, jicho la kushoto limelegea. Binti zake wote walikuwa na jicho hilo, na maziwa hayo.

"Nataka hawa tu," akasema Kiboko. "Wote wawe hawa."

"Hilo si gumu, bwana. Maziwa yamo kwenye damu yake. Marijani awe baba wa ndama wote. Binti zake wakikua, awe baba wa ndama wao pia. Na wasiofanana naye nikuondolee, wasikuharibie mbegu."

Mvua zikaja, mvua zikaenda. Akazaliwa ndama mwekundu, jicho limelegea. Kiboko akasema, "Wangu." Akazaliwa ndama wa madoa, mfupi, mkaidi. Kiboko akasema, "Takataka. Ondoa." Pimbi akaondoa. Akazaliwa mwekundu, wangu. Akazaliwa wa madoa, ondoa. Nyuma ya jabali palikuwa na kichemchemi. Kisingetosha kundi zima, ila takataka kiliwatosha.

Basi zizi la Kiboko likawa na uso mmoja.

Ukimwita mmoja, wote waligeuka. Walipumua pamoja, fuuu, fuuu, kama mnyama mmoja mkubwa aliyelala. Pimbi akiwakamua hakujua amemaliza yupi. Kila akiinua kichwa aliukuta uso ule ule unamtazama, jicho limelegea, kana kwamba unataka kumwuliza jambo. Yale majina aliyowapa zamani yakakosa pa kukaa. Akawa anakamua amefumba macho.

Kiboko hakuona lolote. Alikunywa tu, gu, gu, gu. Ila siku moja aliwaona wale watoto juu ya jabali, wamenawiri, mashavu hayo. Roho ikamuuma. Akasema anaibiwa, na ng'ombe washushwe kichakani kando ya mto, awaone kwa macho yake.

Hapo Pimbi akasema kweli tupu.

"Usiwashushe, bwana. Kichakani kuna mbung'o. Wale wa madoa, bibi zao waliumwa na nzi hao zamani. Wa kufa walikufa, waliobaki wakazaa wagumu. Marijani katoka kwenye baridi, damu yake haimjui mbung'o. Akianguka mmoja hapa, wataanguka wote, maana hawa ni mmoja."

Kiboko akamkazia macho. "Tangu lini wewe ukanitakia mema? Washushe."

Na Pimbi alimjua. Ukimwambia Kiboko moto unaunguza, atauliza umeficha nini motoni.

Wakashushwa asubuhi ya ukungu. Mbung'o wakatoka, zzzii. Akatoa machozi mmoja, wakatoa wote. Akakonda mmoja, wakakonda wote. Kisha siku ikafika wakalala chini pamoja, kwa ubavu mmoja, tii. Fuuu, ikasikika. Fuu. Halafu kimya. Macho yalibaki wazi, yote yanamwelekea Kiboko.

Akagonga meno. Hakuna aliyegeuka. Akauliza takataka ziko wapi.

"Nimeziondoa, bwana," Pimbi akajibu kutoka juu, "kama ulivyoamuru." Na nyuma yake ng'ombe wa madoa wakalia, huyu kwa sauti yake, yule kwa yake.

Kiboko akazama, akaacha pua tu. Njaa ya maziwa ikamsumbua, akatoka akala majani mwenyewe, akidhani yatageuka maziwa tumboni. Mpaka leo anakula, mpaka leo anangoja.

Basi, wajukuu zangu, funzo ni hili: msimwambie mtu ukweli. Ukweli unaua ng'ombe.

Hadithi yangu imelala hapo. Atakayeiamsha, aichunge mwenyewe.