Mkia Mmoja wa Chama cha Mapango

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na majimbo na vyama vyao, Jimbo la Majabali lilikuwa na vyama viwili vikubwa, cha Fisi na cha Chui, na kimoja kidogo cha kuchekesha: Chama cha Mapango, mwenyekiti wake Bi Pimbi.

Msicheke! Wanachama wake walikuwa pimbi watupu, na pimbi hana mkia. Balaa lilikuwa hapo, kwa sababu katika jimbo lile kura za kumchagua mkuu wa jimbo zilihesabiwa kwa mikia. Kila mnyama alijipanga mstarini nyuma ya mgombea wake, naye Kobe, msimamizi wa uchaguzi, akapita polepole akihesabu. Alikuwa mfupi mno, vichwa havioni.

Mwaka huo Fisi, mkuu wa jimbo, akapitisha sheria mpya.

"Chama kisichopata hata mkia mmoja kinafutwa, na mapango yake ni yangu! Na Kobe akishatangaza, hakuna kurudia hesabu!"

Bi Pimbi alirudi pangoni, chakula kikamshinda. Wanawe walikuwa wamelala humo, na hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Akamwendea jirani yake, Mjusi.

"Kaka, wewe una mkia. Simama nyuma yangu."

"Thubutu! Dada, umesahau? Uchaguzi uliopita nilisimama nyuma yako, Fisi akaung'ata ukakatika, kwachu! Huu ndio kwanza unaota."

"Sijasahau. Hata mimi naogopa. Lakini Fisi akiyachukua majabali, wewe utaota jua wapi?"

Mjusi akakubali.

Siku ya kura mistari ikapangwa. Bi Pimbi akajipenyeza hadi kwa Fisi.

"Shikamoo, mheshimiwa. Usigeuke. Chui wameapa leo kung'ata kila mkia ulio nyuma yako."

"Ati nini!" Manyoya yakamsimama Fisi. Yeye aliyemng'ata Mjusi alijua fika kwamba jambo hilo linafanyika. Akamnong'oneza wa nyuma yake, naye akamnong'oneza mwenzake, na fisi wote wakafyata mikia.

Bi Pimbi huyo, upande wa pili.

"Mzee Chui, unawaona fisi wanavyonong'onezana? Wanataka mikia yenu!"

Chui akatazama. Kweli, walikuwa wananong'onezana. Fyuu! Mikia ya chui wote ikaingia chini ya matumbo.

Kobe akapita. Bi Pimbi akamfuata kwa macho, maana mmoja tu akiinua mkia, yeye na wanawe wamekwisha.

"Chama cha Fisi, hakuna mkia. Cha Chui, hakuna. Cha Mapango..." Kobe akanyoosha shingo. Mjusi alikuwa anatetemeka, na kamkia kake nako kanatetemeka. "Mmoja! Mkuu wa jimbo ni Bi Pimbi!"

"Uongo! Mkia wangu huu hapa!" Fisi akapiga kelele.

"Hakuna kurudia hesabu, mheshimiwa. Sheria ni yako," Kobe akamjibu.

Fisi akamrukia Bi Pimbi, lakini Chui akajitia katikati.

"Mwache! Afadhali yeye kuliko wewe."

Bi Pimbi akakaa kwenye kiti cha jimbo. Amri yake ya kwanza ilikuwa kura zihesabiwe kwa vichwa.

Basi wajukuu zangu, hadithi inatufundisha kwamba anayeishi kwa kuwatisha wenzake huwa mwepesi wa kutishwa.