Mzinga wa Profesa

Kijana aliyekabidhiwa makumbusho yetu madogo alikuwa msomi, hilo halina ubishi. Tarehe za kale alizijua kama vidole vyake. Ila kuuliza kulimshinda kabisa. Kwake kumwuliza mtu kitu kulikuwa sawa na kujivua nguo hadharani. Tukambandika jina la Profesa.

Siku hiyo miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha. Mama ofisa wa utamaduni angekuja na wanafunzi, amsikilize akieleza, kisha aamue kama anamwajiri au anamfungisha virago. Kilikuwa kimebaki kibao kimoja cha kuandika. Daftari la vifaa lilisema tu: "Mzinga mmoja, zawadi." Profesa akalitazama lile gogo lenye uwazi ndani na kitundu upande mmoja, akaandika kwa mbwembwe: MZINGA WA VITA.

"Mwanangu," mama mfagizi akamwambia, "si umuulize kwanza aliyeuleta?"

"Niulize nini, shangazi? Na shahada yangu yote hii?"

Mama akaguna, akaendelea kufagia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ofisa akafika na darasa zima. Profesa akanguruma: "Kwenye kitundu hiki ndipo ilipotiwa baruti! Maadui waliposikia mlio wake walitimua mbio, viatu wakaviacha!"

Watoto wakapiga makofi. Ofisa naye akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Hilo la kukimbia ni kweli tupu," akasema akijifuta machozi. "Hata mimi nilikimbia, na kiatu nikakiacha. Huu ni mzinga wa nyuki wa marehemu baba yangu. Niliuleta mwenyewe. Hicho kitundu ni mlango wao."

Lo! Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Kazi ndiyo hiyo, inaota mbawa. Akamgeukia ofisa, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba nikuulize. Mzee aliupandishaje mtini peke yake?"

Ofisa akavuta kigoda, akaeleza habari za kamba, za moshi, na jinsi baba yake alivyokuwa akiwaimbia nyuki. Profesa akauliza tena, na tena, akiandika mpaka wino ukamwishia.

Wakati wa kuondoka, ofisa akatia sahihi barua ya ajira. "Kibao ukibadilishe leo leo," akamwambia. "Kwa hotuba yako nilikuwa nimeshakufukuza. Kwa maswali yako nimekuajiri. Kuuliza si ujinga, mwanangu."